Mjadala: Mfumo umenunuliwa kwa hela ya umma, ni halali msimbo wake ufichwe?

Mleta mada

Wakuu salaam. Juzi kwenye uzi wa mifumo ya serikali kuna mdau aliandika kwamba programu ya kompyuta ni mali kama kiwanja, mwenye nayo anajenga ukuta anaweka geti na wewe mpita njia huna cha kuuliza. Alipigiwa makofi sana. Mimi sikubaliani nae hata kidogo na nimefungua uzi huu tubishane kwa hoja, matusi yaacheni kwenye nyuzi za mpira. Kwa asiyejua, msimbo ni yale maandishi ya programu ambayo mtaalamu akiyasoma anajua inavyofanya kazi na anaweza kuibadili.

Naanzia mbali kidogo, mnivumilie. Mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilianza kufunga kwenye matawi yake mfumo wa hesabu unaitwa Horizon, watengenezaji ni Fujitsu. Kule tawi la posta mara nyingi linaendeshwa na mtu binafsi kwa mkataba, unakuta mtu na mkewe wana duka la magazeti na pipi halafu pembeni kuna kaunta ya posta. Jioni wanafunga hesabu, mfumo unasema kuna upungufu, wanahesabu noti upya, wanapitia risiti moja moja, kila kitu kiko sawa ila mfumo umekomaa palepale, na mkataba unasema upungufu wowote ni juu yako. Mtu anachota akiba yake anafidia. Mwezi unaofuata tena. Akipiga simu kitengo cha msaada anaambiwa hilo tatizo ni lako peke yako wenzako wako sawa, kumbe na wenzake nao wanaambiwa hivyohivyo. Ikafika mahali watu zaidi ya 900 wakatiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na kughushi hesabu, kuna waliofilisika, kuna waliofungwa, mama mmoja aliingia jela 2010 akiwa mjamzito. Mwaka 2019 ndo Mahakama Kuu ikaja kusema mfumo ndo ulikuwa na makosa, na 2024 bunge lao likapitisha sheria ya kufuta zile hukumu kwa mkupuo.

Programu zote zina makosa, hilo silalamikii. Kilichonikera ni kwamba Fujitsu walikuwa na orodha yao ya ndani ya makosa wanayoyajua, na watu wao walikuwa na uwezo wa kuingia kwenye hesabu za tawi wakiwa mbali, huku Posta ikisisitiza kwa miaka kwamba hilo haliwezekani. Yaani mshtakiwa anasimama kizimbani, shahidi mkuu ni mashine, na mashine haihojiwi kwa sababu matumbo yake ni mali ya kampuni.

Huu ugomvi una mwenyewe. Richard Stallman alikuwa mwandishi wa programu pale MIT Marekani, na miaka ya 80 inaanza maabara yao ilipewa printa ya leza na Xerox. Ile printa ya zamani yeye alishairekebisha programu yake, karatasi ikikwama inawatumia ujumbe wote wanaosubiri kazi zao ili mmoja aende akaitoe. Hii mpya inakwama hamna anayejua. Akataka aifanyie vilevile, msimbo hamna. Akamfuata jamaa wa chuo cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao, jamaa akamwambia sikupi, nimeshaahidi sitampa mtu. Mwingine angenuna tu akarudi kwao, yeye aliona jamaa amekubali kumnyima mwenzake msaada kwa sababu ya makubaliano na kampuni, na sio yeye peke yake aliyenyimwa, ni kila mtu ambaye angekuja kuomba. Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, mwaka uliofuata akaacha kazi MIT, 1985 ikazaliwa taasisi yake ya kutetea programu huria, Free Software Foundation. Anachodai ni kwamba mtumiaji awe huru kuiendesha programu kwa kazi yoyote, kuisoma na kuibadili, kumpa mwenzake nakala, na kusambaza ile aliyoibadili. Ikikosekana moja hapo, aliyeiandika anakuwa na mamlaka juu yako, na kwa Stallman hayo mamlaka ni dhuluma hata kama programu umepewa bila kulipa senti.

Mimi kwenye programu niko nae. Na kwa mifumo inayonunuliwa kwa kodi zetu nakaza zaidi, kama mfumo unaweza kunihesabia kura, kunikadiria kodi, kunitangaza mdaiwa au kunipeleka mahakamani, kuuficha msimbo wake ni kosa la kimaadili. Ulaya tangu 2017 kuna kampeni ya Free Software Foundation Europe inadai hela ikiwa ya umma na msimbo uwe wa umma. Sisi hata kuuliza hatujaanza. Serikali yetu ilikuwa na mfumo wa Epicor wa nje kwenye malipo, ikaja MUSE iliyojengwa na wataalamu wetu, hongera zao sana, lakini mimi na wewe msimbo wa MUSE tunausomea wapi? Kufuli limebadili uraia, basi.

Karibuni.

Ngosha

Nakaa siti ya mbele kabisa. Ila mleta mada, hii umeiandika kwa Windows ya kukraki au naona vibaya 😂

Mleta mada

Debian tangu chuo, mkuu, ni mbadala huria wa Windows. Tuendelee.

Fundi wa POS

Umeandika vizuri ila umeandika kama mtu wa mshahara. Mimi natengeneza programu za maduka, dawa, hadiwea, spea za magari, nipo Kariakoo. Ile ya duka la dawa ilinila karibu mwaka mzima, stoku, tarehe za dawa kuisha, madeni, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, inatoka hapohapo. Mteja wa kwanza nikamfungia kwa bei ya kutupa ili anitangaze, na kweli alinitangaza, kijana wake wa IT alinakili folda nzima kwenye flashi akaenda kuwafungia ndugu wa bosi na marafiki wa bosi, kabadilisha nembo na rangi ya juu tu. Nimekuja kujuaje? Mmoja wao alinipigia simu mimi akilalamika ripoti ya mwezi haitoki, maana namba yangu jamaa alisahau kuifuta kule chini kwenye dirisha la Kuhusu Programu.

Sasa niambie huyo kijana alitumia uhuru namba ngapi kati ya hizo nne zako. Kwa falsafa yenu yeye hana kosa, mkosaji ni mimi niliyetaka kuweka kufuli. Hiyo falsafa kaitunga mtu aliyekuwa analala ofisini kwake MIT, hajawahi kudaiwa fremu Kariakoo miezi sita kwa mpigo.

Mleta mada

Pole sana mkuu, na sikutanii. Hoja yako ina historia ndefu, Februari 1976 Bill Gates aliandika barua ya wazi kwa wapenda kompyuta waliokuwa wananakili programu yake ya BASIC, akawaambia wengi wenu mnaiba, nani ataweza kufanya kazi ya kitaalamu bila malipo.

Ila tuangalie huyo kijana alifanya nini hasa. Kwanza alifuta jina lako, hilo hata GPL ambayo ni leseni ya Stallman inalikataza. Pili aliwapa wateja wake programu na wao akawanyima msimbo, hilo nalo GPL inalikataza, anayepokea programu ana haki ya kupata na msimbo. Kwaiyo huyo hakutumia uhuru wowote, alijifanya mmiliki kama wewe, ukuta ni uleule kabadilisha mlinzi. Halafu cha tatu ambacho naona umekipita haraka, ripoti ilipokwama yule mteja alimpigia nani? Wewe. Pesa iko kwenye hiyo simu, kwenye kurekebisha, kufundisha, kuunganisha na EFD mpya. Red Hat, kampuni inayouza huduma juu ya programu huria, wameishi hivyo miaka na miaka mpaka IBM wakawanunua 2019 kwa dola bilioni 34.

Fundi wa POS

Simu ile sikulipwa hata mia. Na usinitolee Red Hat, wateja wa Red Hat ni mabenki, wangu ni mangi anayetaka nimpunguzie elfu tano. Kwa huku kwetu mtu akishapata kitu mkononi hakulipi tena ushauri, atasema si unabonyeza tu.

Ngosha

"Si unabonyeza tu" 😭 hapo umenigusa aisee.

Wakili Msomi

Ndugu zangu mnachanganya sheria tatu tofauti mnazipiga kwa fimbo moja. Kuna alama ya biashara, kama Disney walivyosajili "Hakuna Matata" kule Marekani kwa ajili ya nguo, 2018 watu wakachachamaa wakakusanya saini, na kwa kweli inaudhi kuona mtu amejiandikishia maneno ya kwetu, lakini ile haimzuii mtu yeyote kuongea Kiswahili, inazuia fulana. Kuna hataza, yaani haki ya mvumbuzi peke yake kutengeneza alichovumbua, hii ndo ya dawa. Hapo mimi mwenyewe naungana na mleta mada, mwaka 2001 Cipla ya India ilitangaza dozi ya ARV ya mwaka mzima kwa dola 350 wakati za wenye hataza zilikuwa zaidi ya dola 10,000, na kampuni za dawa 39 zilikuwa mahakamani zikiishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria yake ya kuleta dawa za bei nafuu. Wakaiondoa kesi Aprili ile, baada ya dunia nzima kuwazomea. Watu walikuwa wanakufa, hakuna utetezi hapo.

Hakimiliki ni kitu kingine. Hailindi wazo, inalinda ulivyoliandika. Hamna anayemzuia mtu kuandika programu ya duka la dawa kuanzia mwanzo, aliyemnakili Fundi folda nzima ndo ana kesi, na Fundi kama una ushahidi wa ile namba ya simu kwenye dirisha njoo inboksi tuongee. Kasoro ninayoiona ni muda. Sheria ya kwanza ya Waingereza ya 1710 ilitoa miaka 14, na mtunzi akiwa hai anaongezewa 14. Sheria yetu ya 1999 inalinda maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Kwa programu ya kompyuta huo ni utani, nani atataka POS ya Fundi miaka 50 baada ya mazishi yake?

Halafu kuna kitu nyie mashabiki wa Stallman mnakikwepa. GPL ina meno kwa sababu ya hakimiliki. Ukifuta hakimiliki leo, kesho kampuni inachukua programu huria, inaibadilisha, inaifunga, inauza, na huna kifungu cha kumshika. Chama cha Maharamia cha Sweden kilipokuja na pendekezo hakimiliki iwe miaka mitano tu, aliyepinga upande wa programu ni Stallman huyuhuyu, akasema itaumiza programu huria kwa sababu baada ya miaka mitano kampuni zinabeba msimbo wa kwetu na sisi kwa programu zao tunabaki na faili lisilosomeka. Kwaiyo mtu mnayemsifu kwa kuipinga sheria ndo anayeishi ndani yake.

Mleta mada

Wakili umenipeleka pazuri. Ni kweli na mwenyewe hafichi. Ila kumfungia mwizi kwa kufuli lake haimaanishi unalipenda kufuli. Na kwenye lile jambo la Sweden alitoa na dawa, kwamba kila anayeuza programu bila msimbo aweke msimbo amana kwa mtu wa tatu, miaka mitano ikiisha unatolewa kwa wote. Ingekuwepo sheria ya hivyo hakuna ambaye angeihangaikia GPL.

Prodyuza wa Geto

Nyie watu wa kompyuta mkimaliza kusema mali ya ubunifu ni dhuluma mnakuja mtaani mnajaziwa flashi nyimbo 300 kwa buku. Mnajua habari ya Solomon Linda? Mzulu, 1939 alirekodi Mbube kule Johannesburg, inasemekana alilipwa shilingi 10 kwa haki zote, wimbo ukaenda Marekani ukageuka The Lion Sleeps Tonight, ukaingia mpaka kwenye Lion King, na yeye alikufa 1962 fukara. Binti zake walikuja kupata kitu 2006 baada ya kesi kuisha kwa makubaliano, na kilichowasaidia ni kifungu kwenye sheria ya hakimiliki ya Waingereza ya 1911 kinachorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Sheria hiyohiyo mnayotaka kuichoma. Bila hiyo wasingepata hata nauli ya kwenda mahakamani.

Mleta mada

Prodyuza kula tano kwa mfano. Mimi kwenye nyimbo sijasema chochote na hata Stallman anatenganisha, kitu cha kufanyia kazi kama programu, kamusi, kitabu cha mapishi, hicho lazima kiwe huru, ila kazi ya sanaa anakubali iwe na hakimiliki ya muda mfupi bora watu waruhusiwe kugawiana bila biashara.

Ila nikuulize, zile shilingi 10 zilimtoka Linda kwa sheria gani? Hakimiliki hiyohiyo. Imetengenezwa iuzike kwa sahihi moja, na kwenye meza ile mwenye njaa ndo anayesaini haraka. Familia imekaa miaka na miaka haina kitu halafu tunakisifu kifungu kimoja kilichosahaulika na wakoloni.

Prodyuza wa Geto

Sawa lakini kifungu kilikuwepo. Ungekuwa unagawa tu bila sheria hata hicho wasingekikuta. Mimi siondoki hapo.

Mdau wa Eldoret

Wadau, mimi niko Kenya upande wa mifumo ya hospitali, hii kitu kwetu si nadharia. Kituo cha afya cha Mosoriot kilianza mwaka 2001 na mfumo wa rekodi za wagonjwa kwenye Microsoft Access, wagonjwa wa HIV wakaongezeka, Access ikalemewa, na 2004 kazi ya kutafuta mbadala hapa Eldoret ndiyo ikazaa OpenMRS, ambayo ni huria na leo iko nchi nyingi tu, Uganda na Rwanda zikiwemo. Ripoti za kitaifa tunatumia DHIS2 iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, nayo ni huria, Kenya iliisambaza nchi nzima 2011. Kwa hiyo nimekula mkate wa programu huria miaka yangu yote ya kazi na nitawaambia ladha yake.

Utamu ni huu: wizara ikibadilisha fomu leo sisi tunakaa chini tunaibadilisha wenyewe, hatungoji mtu wa kampuni atoke ng'ambo na bili ya hoteli. Na hakuna siku mtu atatuzimia mfumo kwa sababu leseni imeisha.

Uchungu ni huu, na mleta mada hajaugusa. Mradi wa mfadhili ukiisha, yule developa mzuri anachukuliwa na shirika lingine, mnabaki na toleo la zamani limejaa viraka vya kwenu, ukiweka apdeti moduli ya maabara inaanguka, ukiacha kuweka unabaki na mashimo ya usalama. Saa tatu asubuhi foleni ya kliniki imefika getini, karani anagonga dirisha kwamba faili za wagonjwa hazifunguki, na wewe unaperuzi msimbo ambao aliyeuandika yuko Kigali na simu hashiki. Uhuru wa kusoma mnao, msomaji hamna. Siku kama hiyo ungeniletea kampuni yenye mkataba na namba ya simu inayopokelewa, ningewapa na kufuli na ufunguo.

Lakini kwa uchaguzi niko na mleta mada asilimia mia. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na moja ya mambo yaliyoiponza tume yetu ya uchaguzi, IEBC, ni kwamba iliamriwa ifungue seva zikaguliwe na haikutii ipasavyo. 2022 tukarudi mahakamani na stori za seva tena, na safari hii hoja ya haki za ubunifu za kampuni iliyoleta teknolojia, Smartmatic, ikawa mezani. Kura ni yangu, tume ni yangu, kodi ni yangu, halafu siri ni ya mtu mwingine? Wueh.

Seva Imeanguka

Mimi ni mtu wa seva na naona hapa mnauziana ndoto. Chukulia tume imeweka msimbo wote hadharani. Utajuaje kwamba huo ndo unaozunguka kwenye seva siku ya kura? Utasoma mstari kwa mstari, utaridhika, halafu kilichofungwa usiku wa kuamkia uchaguzi ni kingine. Na hata macho mengi hayaoni, tundu la usalama la Heartbleed lilikaa miaka miwili mpaka Aprili 2014 ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya mtandao ya nusu ya dunia, msimbo uko wazi, watu wanaoihudumia wanahesabika kwa vidole. Hao wa Horizon nao, mama wa duka la magazeti ungempa msimbo angefungia maandazi. Alichokosa ni ile orodha ya makosa, na hiyo ni haki ya ushahidi, haihusiani na leseni.

Mleta mada

Hili ndo bishano nililokuwa nalisubiri. Naanza na mama wa posta. Hatakiwi asome yeye, anatakiwa awe na ruhusa ya kumpelekea mtu wa kumwamini, kama unavyopeleka X-ray kwa daktari wa pili wakati wewe mwenyewe unaona mawingu tu. Orodha ya makosa nakubali ndo ingemwokoa haraka zaidi. Ila ilifichwa na nani na kwa kisingizio gani? Palepale kwenye umiliki. Ukishakubali matumbo ya mashine ni siri ya biashara, na orodha ya magonjwa yake inakuwa siri ya biashara.

Kuhusu seva umesema kweli, msimbo wazi peke yake haukuthibitishii kinachozunguka. Ndo maana Debian na wengine wanahangaika miaka na kazi ya kuhakikisha mtu yeyote akijenga programu upya kutoka kwenye msimbo anapata faili lilelile biti kwa biti, unalinganisha na lililoko kwenye seva, likipishana herufi moja unapiga kelele. Haimalizi kila kitu, lakini bila msimbo hata hiyo safari huianzi.

Na Heartbleed ninayo yangu ya kukujibu. Machi 2024 kuna mtu aliingiza mlango wa siri kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo iko karibu kila Linux, alijenga uaminifu taratibu mpaka akaaminiwa kuisimamia. Aliyemkamata ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, na hakuwa anatafuta mwizi, aliona tu kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde, ikamkera, akaanza kuchimba. Alichimba kwa sababu palichimbika. Ingekuwa imefungwa angeandika barua pepe huduma kwa wateja akajibiwa zima halafu washa.

Seva Imeanguka

Xz ulikuwa wimbi la bahati na wewe unajua. Aliyekuwa anaihudumia ile programu alikuwa mtu mmoja kachoka, anafanya kwa kujitolea, ndo maana akaomba msaada akampa mwizi funguo. Falsafa yenu inaongea haki za mtumiaji kutwa, ya yule anayekesha haiongelei.

Fundi wa POS

ASANTEEE. Hilo ndo nalosema tangu ukurasa wa kwanza.

Shamba Darasa

Samahani naingilia, mimi ni mkulima na kompyuta zenu sizijui. Ila hii habari ya mtu kununua kitu na kukatazwa kumpa jirani, sisi tunaijua kwenye mbegu. Kenya sheria yao ya mbegu ilikuwa imeweka mpaka miaka miwili jela au faini hadi shilingi milioni moja kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa, wakulima wakaenda mahakamani 2022 na Mahakama Kuu ikavitengua vifungu hivyo 2025. Bibi yangu alikuwa anatunza mahindi juu ya jiko moshi uyapige, na nusu ya kijiji walikuja kuomba kwake. Kuna siku ataitwa mharamia?

Wakili Msomi

Mzee wangu shikamoo. Mbegu inataka uzi wake, kuna uthibitisho wa ubora na kuna haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, sisi tuna sheria ya 2012 kwa hilo la pili na ni vitu viwili. Fungua uzi nitakuja.

Turudi kwenye swali la kichwa cha habari, kwa sababu naona mmepanda mpaka kwenye falsafa na mfumo wa umma mmeuacha chini. Naandika vipengele vinne vya mkataba hapa, mvipasue. Msimbo wote ulioandikwa kwa fedha za mkataba huu unakabidhiwa kwa taasisi pamoja na maelezo ya kuujenga, na taasisi itauweka wazi kwa leseni huria ndani ya siku 90. Vipande ambavyo mtengenezaji alikuwa navyo kabla ya mkataba vinabaki vyake, ila taasisi, mkaguzi na mahakama wana ruhusa ya kuvisoma. Popote taarifa za mfumo zikitumika kama ushahidi dhidi ya mtu, mtu huyo na mtaalamu wake wanapewa msimbo na orodha ya makosa yanayojulikana. Matengenezo yanalipwa kila mwaka kwa fungu linalojitegemea, na likikosa kulipwa mtengenezaji hadaiwi huduma.

Mleta mada

Kipengele cha pili ndo mlango watakaopitia wote, kila kampuni itasema asilimia 90 tulikuwa nayo kabla. Funga hapo: sehemu isiyofunguliwa isiingie kwenye mfumo wa kura, kodi wala mahakama. Mengine nasaini.

Fundi wa POS

Cha nne mngekiweka cha kwanza. Cha tatu nasaini hata usiku huu, sina cha kuficha na makosa yangu nayaandika kwenye daftari. Hicho cha siku 90 nasaini bei ikiwa mara mbili, kwa sababu hapo mnanunua na wateja wangu wa kesho.

Mleta mada

Mara mbili sawa. Bado ni nafuu kuliko leseni ya kila mwaka isiyoisha.

Mdau wa Eldoret

Na hilo fungu la matengenezo, mwaka wa tatu mfadhili akishaondoka, analipa nani?

Fundi wa POS

Ndo ukawaulize hazina. Sisi huku tunasubiri simu.